SIMU YA ANDROID NA SIMU YA iPHONE: IPI IMFAAYO MFANYAKAZI?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa Tawi. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu na hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya simu. Najua wapo watakaouliza, "Chama ni cha mishahara na haki za kazi, simu yatuhusu nini?" Jibu langu ni hili. Zamani mpishi aliajiriwa akakuta sufuria jikoni kwa tajiri wake, na karani akakuta kalamu na karatasi mezani. Siku hizi dereva, mlinzi, karani, mhudumu wa hoteli na kijana wa bodaboda wote huambiwa, "Njoo na simu yako." Zamu za kazi hutangazwa katika WhatsApp. Mshahara wa wengi hupitia M-Pesa. Anayebeba abiria kwa kuitwa na programu, simu yake ikizimika naye amefutwa kazi kwa siku ile. Basi simu imekuwa chombo cha kazi, na chombo cha kazi ni jambo la Chama.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni moja: kati ya Android na iPhone, ipi bora? Vijana wetu hubishana juu yake kama watu wa Gor Mahia na watu wa AFC Leopards. Mimi sikuja hapa kushangilia timu. Nimekuja na hesabu, na nataka kila mmoja wenu aondoke akiweza kuifanya hesabu hiyo peke yake mbele ya muuza duka.

1. TUJUE KWANZA TUNASEMA JUU YA NINI

Kila simu ya kisasa ina sehemu mbili: chombo chenyewe unachoshika mkononi, na mfumo ulio ndani yake unaokiamrisha kifanye kazi. iPhone hutolewa na kampuni moja tu, Apple ya Marekani, na mfumo wake uitwao iOS ni wa Apple hiyo hiyo. Hakuna kampuni nyingine inayoruhusiwa kuutia katika simu zake.

Android ni mfumo wa Google, nayo ni kampuni ya Marekani vilevile, lakini Google huwaachia watengenezaji wengi wautumie. Wako Samsung wa Korea Kusini. Wako Tecno, Infinix na itel, ambazo zote tatu ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion. Wako Xiaomi, Oppo na wengine wengi. iPhone ya kwanza iliuzwa Juni 2007, na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Android ni mbovu," muulize ni Android gani. Kuna ya shilingi 8,000 na kuna ya shilingi 150,000. Anayeipima ile ya 8,000 na iPhone mpya ni kama anayeipima baiskeli na gari, kisha akasema magurudumu mawili hayafai.

Wazee mliopo mtakumbuka kwamba hapo nyuma washindani hawakuwa wawili tu. Nokia walikuwa na Symbian, wakubwa wa ofisi walikuwa na BlackBerry, na Microsoft walikuwa na Windows Phone. Zote zimekufa. WhatsApp iliiacha Symbian katika mwaka 2017, ikaiacha Windows Phone mwisho wa 2019. Na tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry walizima mitambo iliyokuwa ikizitumikia simu zao za mifumo ya zamani. Mwenye simu hizo hakuwa na kosa lolote. Kioo kilikuwa kizima na betri nzima, lakini simu ilibaki kama redio ambayo stesheni yake imefungwa. Hapo ndipo pa kuanzia: simu ni yako, lakini mfumo ulio ndani ni wa mtu mwingine, naye ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya umri wake.

2. BEI

Kwa amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Septemba ya mwaka huo huo Apple walitoa iPhone 16, na bei yake ya kuanzia huko Marekani ilikuwa dola 799. Dola moja ilikuwa kama shilingi 129, kwa hiyo simu hiyo ilikuwa kama shilingi 103,000 kabla ya kodi, usafiri na faida ya mwenye duka. Kibarua wetu angefanya kazi miezi 6 na zaidi, asile, asilipe nyumba, asipande matatu, ndipo aipate.

Upande wa pili, Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River. Simu zake za kwanza, za Android, ziitwazo Neon, zilitolewa kwa shilingi 7,499 na 8,999. Hiyo ni kama nusu ya mshahara ule wa mwezi mmoja.

Mtu wa haraka ataishia hapo na kusema Android imeshinda. Ngojeni kwanza. Bei ya dukani ni nusu tu ya habari.

3. UMRI WA SIMU

Mfumo wa simu huhitaji kurekebishwa kila mara, kwa sababu wezi wa mitandaoni hutafuta matundu ndani yake kila siku. Mwenye mfumo akiacha kutuma marekebisho, simu inaanza kuzeeka hata ikiwa haina mkwaruzo. Mwisho benki yako, au WhatsApp, inakuambia haiikubali tena. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliziacha simu za Android zilizokuwa bado na mfumo wa 4.4, uliotoka mwaka 2013. Mei ya mwaka huo ikaziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Mwaona kwamba upanga huu hukata pande zote mbili.

Lakini haukati kwa kipimo kimoja. Apple wakitoa marekebisho, huzifikia iPhone zote zinazostahili kwa wakati mmoja, maana hapana mtu wa katikati. iPhone 6s iliyotoka 2015 ilipata mfumo mpya wa iOS 15 katika mwaka 2021, yaani miaka 6 baadaye. Katika Android, marekebisho hutoka Google, kisha humngojea mtengenezaji wa simu yako, naye huenda akaona hapati faida kushughulika na simu aliyoiuza kwa shilingi 9,000. Simu nyingi za bei ya chini hupata marekebisho ya muda mfupi, kisha zinaachwa. Hali hii imeanza kugeuka kwa simu za bei kubwa: Google katika mwaka 2023 waliahidi miaka 7 kwa simu yao ya Pixel 8, na Samsung wakaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 katika Januari 2024. Baadhi ya zile za bei ya katikati nazo zimeanza kupewa ahadi ya miaka kadha. Muulize muuzaji: "Simu hii itapata marekebisho ya usalama mpaka mwaka gani?" Akibabaika, hiyo nayo ni jibu.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Bei na miaka mtaweka zenu. Simu rahisi ya Android ya shilingi 9,000 ikikufaa miaka 2, umelipa shilingi 375 kwa mwezi. Android ya katikati ya shilingi 24,000 ikikufaa miaka 5, umelipa shilingi 400 kwa mwezi. iPhone iliyokwisha tumiwa ng'ambo, ya shilingi 45,000, ikiwa imebakiwa na miaka 3 tu, ni shilingi 1,250 kwa mwezi. iPhone mpya ya shilingi 103,000 kwa miaka 6 ni shilingi 1,430.

Tazameni vizuri. Ile ya 9,000 na ile ya 24,000 zinaachana kwa shilingi 25 tu kwa mwezi, lakini ya pili haikusumbui, haikujazii matangazo kama zifanyavyo nyingi za bei ya chini, na haikurudishi dukani kila baada ya miaka 2. Na ile iPhone ya mtumba ambayo watu huiona ni nafuu, gharama yake kwa mwezi inakaribiana na ya mpya. Ile ya mtumba hununuliwa kwa jina, lakini sehemu kubwa ya umri wake alikwisha kuila mwingine.

4. MATUMIZI YA KILA SIKU

Laini. Wengi wetu tuna laini mbili, moja ya kupiga na moja ya bando. Simu nyingi za Android zinazouzwa hapa zina nafasi ya laini mbili. iPhone nyingi zina nafasi moja ya kadi, na laini ya pili ni ile ya ndani isiyo na kadi, iitwayo eSIM. Tena jihadharini: iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina nafasi ya kadi hata moja. Usije ukanunua ya jamaa aliyetoka huko, ukafika nyumbani ukatafuta pa kutia laini usipaone.

Nafasi ya picha. Android nyingi za bei ya chini na ya katikati hukubali kadi ya kuongeza nafasi, lakini iPhone haijawahi kuikubali. Nafasi ya bure ya kuhifadhi vitu mtandaoni ni GB 15 kwa akaunti ya Google na GB 5 kwa ya Apple.

Chaja. iPhone zilizotoka tangu 2012 hadi 2022 zilikuwa na tundu lake peke yake. Umoja wa Ulaya ukatoa sheria kwamba simu ziwe na tundu moja la USB-C kuanzia mwisho wa 2024, na Apple wakabadili kwa iPhone 15 katika 2023. Ukinunua ya kabla ya hapo, usitegemee kuazima chaja ya mwenzako kazini.

Betri. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba marekebisho yao yalipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, na katika 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi huko Marekani. Tangu 2018 iPhone huonyesha yenyewe hali ya betri yake. Ukinunua iliyotumika, fungua pale uone kabla ya kutoa senti.

Pesa. M-Pesa ilianza Machi 2007, kabla hata ya iPhone ya kwanza kuuzwa, na haimbagui mtu. Ukibonyeza *334# inafanya kazi kwa iPhone, kwa Android, na kwa ile mulika mwizi ya nyanya yako. Usidanganywe kwamba lazima uwe na simu ya gharama ili upokee mshahara wako.

Lugha. Android yaweza kuwekwa Kiswahili. Kwa mzee asiyesoma Kiingereza hilo si jambo dogo. Mwambie muuzaji akuwekee hapo hapo dukani, uone kwa macho yako.

5. WIZI NA MIKOPO

iPhone tangu 2013 ina kufuli ambalo halifunguki bila akaunti ya mwenyewe, na Android ilipata kufuli la namna hiyo katika 2015. Ni jambo jema, maana mwizi hubaki na jiwe. Lakini anayenunua mkononi huweza kubaki na jiwe hilo yeye. Kwa hiyo mwenye simu aiondoe akaunti yake mbele yako, na ubonyeze *#06# uone kama nambari ni ile iliyoandikwa kwenye boksi na risiti.

Kwa habari ya programu, Apple hapa kwetu ni kama askari mkali langoni: huingizi programu ila kwa kupitia duka lake. Android hukuruhusu kuingiza programu uliyoipata popote. Uhuru huo una faida, lakini ndio mlango wapitao matapeli. Wapo wenzetu walioingiza programu za mikopo wakazikubalia kusoma majina yote ya simuni, na walipochelewa kulipa, wakwe zao na mabosi wao wakapigiwa simu za kuwaaibisha. Tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinazotaka wakopeshaji hawa wawe na leseni na kuwakataza kuwafedhehesha watu hivyo, na Google katika 2023 ilianza kudai leseni hiyo na kukataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina. Iliyotoka nje ya duka haina anayeichunga. Mwenye Android afunge mlango huo mwenyewe.

Na simu yenyewe ikiwa ya mkopo? Tangu 2020 mpango wa kulipa mdogo mdogo umewapatia wengi simu ya kwanza, na si vibaya. Lakini zidisha. Tuseme unatoa 2,000 kwanza, kisha shilingi 60 kila siku kwa mwaka. Hiyo ni 21,900 pamoja na 2,000, jumla 23,900. Kama dukani ni 14,000, haba na haba imejaza kibaba cha muuzaji. Tena simu hizo hufungwa kutoka mbali usipolipa. Mwenye bodaboda akiugua siku tatu, simu inafungwa. Simu ikifungwa, hapati kazi. Asipopata kazi, hawezi kulipa ili ifunguliwe. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

6. TAJIRI AKISEMA "NJOO NA SIMU YAKO"

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwajiri akitaka uwe na programu fulani ili uhesabiwe umefika kazini, na programu hiyo haikubali simu ya zamani, amekutoza gharama ya kununua nyingine. Ametia mkono katika mshahara wako bila ya kuandika hata barua. Ubishi wa Android na iPhone usitufumbe macho tusione hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne yaingie katika mazungumzo ya mkataba wetu wa pamoja. Moja, kazi ikihitaji simu, mwajiri aitoe, au alipe posho ya simu na bando kila mwezi. Pili, programu ya kazi ijaribiwe kwanza katika simu za bei ya chini ambazo wafanyakazi wanazo, wala asiadhibiwe mtu kwa sababu mfumo wa simu yake umepitwa. Tatu, simu ya kampuni ikipotea, mshahara usikatwe ovyo: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, huruhusu makato ya kiasi cha haki pale mali iliyo katika milki au uangalizi halali wa mwajiri imeharibika au kupotea kwa kosa lako la makusudi, si kwa kuporwa stendi. Nne, programu isikufuate mpaka nyumbani. Android na iPhone zote mbili hukuwezesha kuamua kwamba programu ijue mahali ulipo wakati unapoitumia tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua mwajiri anakusanya habari gani zako na kwa nini.

Na tusiwasahau wenzetu. Usione vyaelea, vimeundwa. Katika 2010 vijana wengi walijiua katika viwanda vya Foxconn huko Shenzhen, China, ambako iPhone na vyombo vya makampuni mengine huunganishwa. Kobalti ya betri hutoka kwa wingi Kongo, katika machimbo ya Kolwezi, ambako wachimbaji husema Kiswahili kama sisi. Si Apple wala si watu wa Android walio na mikono safi kabisa katika jambo hilo. Mtu asijivunie nembo ya simu yake kana kwamba ameishinda dunia.

7. MWISHO

Mtu akiniuliza, kwa mshahara wetu na kazi zetu, nitamwambia hivi: Android ya bei ya katikati, yenye ahadi ya marekebisho ya miaka mingi, laini mbili na chaja ya kawaida, ndiyo imfaayo mwanachama wetu zaidi. Mwenye uwezo wa iPhone mpya, akaiweka miaka 6, hakupoteza. Amenunua kitu kinachodumu na ambacho akikiuza bado kina bei. Wa kusikitikia ni wawili: aliyenunua ya rahisi kabisa mara tatu mfululizo, na aliyekopa iPhone kuukuu ili aonekane.

Kabla ya kununua, uliza maswali matatu: Itanigharimu shilingi ngapi kwa mwezi? Itarekebishwa mpaka mwaka gani? Na nani mwingine ana uwezo wa kuifunga? Kama simu ni ya kazi, liongeze la nne, umwulize mwajiri wala si muuza duka: Nani analipa?

Swali hilo la nne mtu mmoja hawezi kulisimamia peke yake. Ndiyo sababu tuna Chama. Yale mapendekezo manne nimemkabidhi Bibi Katibu. Naomba yajadiliwe na kupigiwa kura katika mkutano ujao wa Tawi, na kila mmoja aje na mwenzake wa zamu.

Umoja ni nguvu.